Chupa ya Divai kwa Bwana wa Boma

Wakati wa vita vya Maji Maji mume wangu alikamatwa shambani kwetu Umwe, akiamia mpunga usiliwe na nguruwe. Askari walimkuta na mkuki, wakasema ni wa vita. Wakamtia mnyororo shingoni pamoja na wenziwe, wakawapeleka boma la Mohoro.

Niliwafuata, nikafukuzwa langoni. Mpishi wa boma, mtu wa Ngorongo aliye ndugu wa mama yangu, akanionea huruma. Akasema kwa bwana Mjerumani, mkuu wa boma, hafiki mtu mikono mitupu. Kuku na mayai anajichukulia mwenyewe; anachokosa ni divai, maana tangu vita vianze hailetwi.

Nikarudi nyumbani kuchukua mikeka yangu nikauze. Mama mkwe akanikataza. Mwislamu hanunui kileo, akasema, wala hakibebi.

"Mama," nikamwambia, "dhambi yake nitaijibu mwenyewe. Mwanao akifia kwenye mnyororo, atajibu nani?"

Mama mkwe akavua mkufu wake wa fedha, akauweka juu ya mikeka.

Dukani Mohoro, Mgoa mwenye duka alikuwa amebakiwa na chupa chache. Akanisifia brandi. Lakini mpishi alikwishaniambia kuwa bwana akinywa kikali huagiza watu wachapwe kiboko, basi nikaikataa. Akanionyesha divai nyekundu. Nikaiona rangi yake, nikaona haifai kumpelekea mtu aliyetoka kuua. Nyuma yake palikuwa na chupa nene ya kijani, kizibo chake kimefungwa kwa waya. Nikauliza ni ya nini.

Akasema hiyo hutoa povu, na Wazungu huifungua siku ya furaha tu.

"Nipe hiyo."

Akanionya nisiitikise wala nisiianike juani, itapasuka. Nikailowesha kanga, nikaizungushia chupa, nikaipakata kama mtoto hadi bomani. Safari hii mpishi aliniombea njia.

Bwana aliigeuza chupa, akasoma maandishi yake. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kama najua kilichomo.

"Sijui, bwana mkubwa. Nimeambiwa hufunguliwa siku ya furaha. Mimi siku yangu ya furaha ni siku mume wangu atakapotoka. Alikuwa analinda mpunga. Muulize jumbe wetu."

Hakucheka, hakukasirika. Alimwita karani, akamwambia jumbe aitwe. Mimi nikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa boma, nikasema sitoki hapo. Jumbe alipofika alisema kweli.

Mume wangu alifunguliwa kabla mavuno hayajaisha. Shingo ilikuwa imechubuka, hawezi kubeba tita. Nguruwe walikuwa wamekula sehemu kubwa ya shamba. Tukavuna kilichobaki, mimi nikibeba, yeye akikata, na mama mkwe akipura, mlango wa nyumba ukiwa wazi tumwone.