Visiki vya Shangazi Masika

Nilitoka kwetu Mususa, Butembo, Ijumaa asubuhi kwa sababu ya ujumbe mfupi uliofika na dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria: mlima umeshuka, umebeba shamba la shangazi Masika, jiko lake na mbuzi wa jirani, lakini watu wote ni wazima. Ningependa kuwaambia ninyi wa nyumbani kwamba huruma ndiyo ilinisukuma. Hapana. Ni woga. Nilijua mlima ule ulishikwa na nini, na nilijua nani alikitoa.

Mimi ni muuza mbao, wengi wenu mnaijua atelie yangu ya kupasulia. Miaka mitatu nyuma shangazi, dada wa marehemu baba yangu, aliniachia mstari wa miti ya kalitusi uliokuwa juu ya shamba lake, nikate, nipasue mbao. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia mbele ya wapasuaji wangu: mti chukueni, kisiki niachieni. Kule milimani hakuna asiyejua sababu. Kisiki kinachipuka tena, na mizizi yake inakamata udongo. Nikaitika vizuri kabisa, ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Alipokwenda Beni kumuuguza binti yake, nikawarudisha wafanyakazi na majembe na mashoka. Visiki vyote viling'olewa, vikaenda kwa wachoma matofali. Aliporudi akakuta mashimo, nilimwambia wafanyakazi hawakusikia vizuri. Aliniangalia tu, akaingia ndani kupika. Mvua ya mwezi uliopita iliingilia kwenye mashimo yale.

Saa nne tulikuwa barabara ya Beni, mimi juu ya Fuso na mbao zangu. Nilikuwa nimechagua zile nzuri, zilizonyooka. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja, mtu wa mbali aliyetumwa kufanya kazi huku, aliuliza mbao ni za nini. Nikamjibu ni za msaada kwa watu wa maporomoko. Akanipa mkono, akaniita ndeko, yaani ndugu kwa Kilingala, akafungua njia bila maneno.

Saa saba, baada ya kupanda kwa miguu na wabebaji, nikauona mlima. Ulikuwa umechunwa kama mbuzi, mwekundu toka juu mpaka chini. Kabichi zilikuwa zimelala mizizi juu. Mahali pa jiko niliona jiwe moja la mafiga, mengine yalikwenda na udongo. Nyumba ilisimama bado, na ufa ukutani unaopitisha kidole.

Shangazi hakunilaumu. Heri angenilaumu! Alinitandikia mkeka, akaniwekea bugali na maharagwe, akasema nile kwanza, nimetembea sana. Nilikula nikitazama sahani. Kisha akanieleza habari. Kanisa lina ardhi bondeni, na Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya ibada, itagawiwa kwa waliopoteza mashamba. Lakini Paluku, shemasi, yule jirani aliyepoteza mbuzi, anasema Masika asipewe hata hatua moja. Anasema aliuza visiki vyake akawashushia wenzake mlima.

Nikamuuliza aliwajibu nini.

“Niliwaambia sikuuzisha. Batu baliniuliza, sasa ni nani? Nikanyamaza.”

“Sababu gani, shangazi?”

“Uko mutoto wa kaka yangu. Kama ni kusema, sema weye.”

Jumamosi nzima nilijishughulisha na mbao. Nilipiga misumari, nikasimamisha jiko jipya, watu wakapita wakisema Masika ana bahati ya kuwa na mtoto kama huyu. Kila aliyesema hivyo nilimjibu asante.

Siku ya Mungu pasta aliniita mbele. Akaeleza habari za mbao, na kanisa lote likanipigia makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Mkutano ulipoanza, Paluku alisimama, akauliza bila hasira.

“Bisiki ya Masika, nani aliitoa?”

Ndugu zangu, kinywa nilikuwa nacho. Nilitazama viatu vyangu, nikahesabu matundu ya kamba. Nilijiambia nitasema Paluku akikaa, kisha nitasema pasta akimaliza. Shangazi aliniangalia mara moja, akasimama yeye.

“Shamba ilikuwa yangu, bisiki ilikuwa yangu. Mukate maneno.”

Wakakata shauri. Hakupewa kitu. Naona haya kuyaandika, lakini wakati ule, kabla ya kuona haya, nilipumua.

Jumatatu asubuhi niliaga. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, hata kama mlima umeanguka. Shangazi alinifungia kifuko cha viazi, akasema ni vya watoto. Nilikipakata njia nzima mpaka Butembo.

Nyumbani Mususa, mke wangu Kavira alikimwaga kwenye beseni. Viazi vilikuwa vidogo vidogo, vimeanza kuchipuka machoni. Akavigeuza kwa mkono, akaacha.

“Lakini hii si ya kula. Ni mbegu. Mbona anatutumia mbegu yake?”

Sikuhitaji kufikiri. Hana pa kuipanda. Niliketi pale karibu na beseni, nikamweleza Kavira yote, toka mashimo hadi makofi. Hakunituliza. Alivirudisha viazi kimoja kimoja, akaufunga mfuko, akauweka mlangoni.

Jumatano nilipanda tena. Nilimkuta Paluku bondeni akilima, nikamwambia ni mimi niliyevitoa visiki, shangazi akiwa Beni, naye alikuwa amenikataza. Alisimika jembe.

“Siku ya Mungu nilikuuliza mbele ya batu. Ulikuwa na mudomo?”

“Nilikuwa nao.”

“Donc, basi, rudi Siku ya Mungu, useme na mudomo ile ile, mbele ya batu bale bale. Kuko kipande moya ya udongo hatuyagawa bado.”

Safari hii imenifundisha jambo moja, nalo halinipi sifa. Nilidhani mtu akibeba mbao za kutosha hatahitaji kubeba maneno. Nawaandikia ninyi wa Mususa kwa sababu ninyi nanyi mmekwisha kunisifu kwa msaada ule, na sitaki mniombee kwa jina la wema nisiokuwa nao.

Kabla ya kushuka nilimpelekea shangazi mfuko wake. Alipapasa viazi, akatupa kimoja kilichooza, akaufunga tena.

“Inaweza kungojea mpaka Siku ya Mungu,” akasema. “Kupita hapo itaoza yote.”

Leo ni Jumamosi. Fuso inaondoka saa sita, na safari hii sibebi kitu.