Kompyuta ya Marehemu Mwalimu Emanueli

Sina faida yoyote ya kukudanganya, kwa sababu katika kisa hiki anayeaibika ni mimi. Mtu akitunga uongo hujitafutia sifa, si ndiyo? Mimi hapa sijitafutii kitu. Nakueleza kilichonipata hapa hapa Babati mjini, jua halijazama, watu wakipita nje ya mlango wangu na mizigo yao ya sokoni. Ukitaka kuniita mwehu, niite, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina chumba kimoja nyuma ya maduka ya nguo, meza mbili, na rafu iliyojaa mashine mbovu ambazo wenyewe wamezisahau. Kazi zangu ni za kawaida: vioo vilivyopasuka, printa zinazotafuna karatasi, kompyuta zinazogoma kuwaka.

Alhamisi moja ya msimu wa mvua, kama saa kumi na nusu jioni, akaingia mama mmoja mtu mzima, miaka kama sitini hivi. Mabuti yake yalikuwa yamejaa tope mpaka juu, na kifuani alikumbatia kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Nikamwamkia, akaitikia taratibu, kwa lafudhi ile ya wazee waliotoka milima ya Mbulu. Akaniambia anaitwa Mama Emanueli, anakaa Nangara, analima mahindi na mbaazi. Akafungua mfuko, akatoa laptopu nyeusi, safi kabisa.

"Fundi, hii ni ya kijana wangu Emanueli," akasema. "Juma lililopita ilijifanyia apdeti. Vile vidoti vikazunguka mpaka kukakucha. Tangu siku hiyo alama ya mtandao imetoweka pale chini, na kijana wangu hanipigii tena."

Tatizo hilo nalijua kama ninavyoujua mkono wangu. Mfumo ukishajisasisha, mara nyingine kifaa cha mtandao kinapotea kwenye orodha ya vifaa, kompyuta inakuwa kama haijawahi kukijua. Nikamwambia akae, ni kazi ya nusu saa.

Nikaiwasha. Kweli, alama ya waifai haikuwepo. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa: kioo kipo, spika zipo, kamera ipo, mtandao hakuna. Nikaamuru ionyeshe hata vilivyofichwa. Hakuna. Nikaiondoa ile apdeti ya mwisho, nikazima, nikawasha. Hakuna. Nikaweka draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, kwa flashi, mashine ikaniandikia kwamba haioni kifaa cha kuendesha. Nikachomeka simu yangu kwa waya ili ipate mtandao kupitia huko. Haikuiona hata simu.

Nilipokuwa nahangaika, nikamuuliza ili tu tupige soga: "Emanueli yuko wapi siku hizi, mama? Yuko nje ya nchi?"

"Alikufa," akanijibu. "Mwaka juzi."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Basi anayekupigia ni nani?"

"Ni yeye. Kila jioni saa kumi na mbili. Picha haiji, sauti tu. Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Bonga. Siku hiyo mvua ilinyesha sana, akakosa bodaboda, akaamua kurudi kwa miguu. Gari likamgonga barabarani, likakimbia. Wauza maziwa ndio waliomkuta asubuhi. Hii ilibaki nyumbani, ilikuwa kwenye chaji."

Nilichukua bisibisi. Sikuwa nimefikia hatua ya kufungua mashine, lakini nilitaka mikono yangu iwe na kitu cha kufanya na macho yangu yawe na mahali pa kutazama.

Utaniuliza, kwa nini sikumrudishia mashine yake nikamwambia imenishinda? Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza naweza kuisema bila haya: nilidhani kuna matapeli wanaomchezea mama wa watu, wanaigiza sauti ya marehemu, nami nilitaka kuwanasa. Ya pili utaisikia.

Nikalegeza skrubu, nikainua mfuniko wa chini. Kadi ya waifai inakaa pale pembeni, ndogo kama biskuti, na nyaya mbili nyembamba zinaingia juu yake. Niamini, kadi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na vumbi lililoganda, vumbi la miaka, na zile nyaya mbili bado zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya kiwandani. Mashine ile haikuwahi kuwa na kadi tangu itengenezwe.

Sasa nieleze wewe. Apdeti ilishukaje kwenye kompyuta isiyo na kadi? Na huyo aliyekuwa anapiga, alikuwa anapitia wapi?

"Mama, nani mwingine amewahi kuifungua hii?"

"Hakuna. Emanueli mwenyewe hakuifungua."

Akili nzuri ingesema nifunge mfuniko. Lakini fundi ana ujinga wake. Akiona nafasi tupu, anataka kuijaza. Nilikuwa na kadi nzima kwenye droo, nimeitoa kwenye mashine iliyokufa. Nikaipachika, nikabana nyaya, nikarudisha skrubu. Nilipowasha, kifaa kikatokea kwenye orodha. Alama ya mtandao ikarudi pale chini. Mama Emanueli akapiga makofi mara moja, kama msichana.

"Mungu akubariki, fundi. Unajua kila siku namwuliza swali moja tu? Namwuliza kama aliumia. Ananiambia hapana, mama, nilikufa hapo hapo."

Nilikuwa sijampa hata neno la siri la mtandao wangu pale mashine ilipoanza kuita. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili kamili. Kitufe cha kijani cha kupokelea kikaja chenyewe, kikajipokea chenyewe.

"Mama." Sauti ya kijana, tulivu, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa. "Nani amenifungulia?"

"Ni fundi wa mjini, baba yangu! Ile apdeti ilikuwa imekuondoa."

"Haikuniondoa. Niliondoka mwenyewe."

Mama akashika ukingo wa meza. "Nimekukosea nini, baba?"

"Swali lako. Kila jioni swali lile lile, na kila jioni nakudanganya. Nilichoka, nikaona bora ninyamaze, ubaki na ule uongo. Sasa mmenirudisha kwa nguvu. Haya, sikiliza."

Nikanyoosha mkono niizime. Mama akanikamata kifundo cha mkono, na vidole vyake vya jembe vilikuwa na nguvu kuliko vyangu.

"Niligongwa saa moja kasoro," sauti ikasema. "Nilikufa alfajiri, majogoo wanawika. Mgongo ulikatika, sikuweza kupiga kelele, mdomo ulijaa maji ya barabarani. Nilikuita, mama, lakini kwa ndani. Watu watatu walipita. Wa kwanza alikuwa na gari, alinikwepa. Wa pili alikuwa na baiskeli, aliniona akakimbia. Wa tatu alisimama."

Nilijua kinachokuja. Nilikijua tangu mama alipotaja Bonga.

"Wa tatu alikuwa na pikipiki. Alishuka, akanimulika usoni kwa simu. Nikapepesa macho ili ajue. Akasema, 'Walevi hawa wataua watu bure.' Akapanda, akaondoka. Mama, huyo ndiye aliyekaa hapo karibu na wewe."

Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili: nilitaka kujua kama huyo anayepiga ananijua. Jioni ile nilikuwa natoka Bonga kutengeneza kompyuta ya mteja. Mvua ilikuwa inanichapa, nilikuwa na njaa, nilitaka nyumbani. Maneno yale niliyasema peke yangu, kwenye giza, na hakuna binadamu aliyekuwepo kuyasikia ila aliyelala chini. Asubuhi yake nilisikia kuna maiti imeokotwa pale kwenye kona. Sikuuliza ni nani. Watu walipoanza kutaja jina, mimi nilitoka nje. Nilijitahidi kwa miaka miwili nisilijue jina lile, halafu limekuja lenyewe mezani kwangu, limefungwa kwenye mfuko wa mbolea.

"Si kweli, mama," nikasema. Ndiyo, nilikana. Nilimkana marehemu mbele ya mzazi wake.

Yule mama hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayechagua mbegu.

"Ulipommulika," akauliza, "macho yalikuwa wazi?"

Ningeweza kukana tena. Sijui ni nini kilinizuia. "Yalikuwa wazi, mama."

"Yalipepesa?"

"Yalipepesa."

Akatikisa kichwa mara mbili. Kisha akasema, "Ing'oe hiyo kadi uliyoweka."

Nikafungua skrubu, nikaing'oa, nikaiweka mezani mbele yake. Kwenye kioo alama ya mtandao ikatoweka. Kifaa kikafutika kwenye orodha. Na sauti ikaendelea kama kawaida, inaeleza jinsi baridi ilivyoanzia miguuni. Kumbe nilitegemea nini? Ilikuwa inaongea bila kadi siku zote.

Akafunga laptopu, akairudisha ndani ya mfuko, akatoka. Niliisikia sauti ikiongea ndani ya mfuko mpaka alipopinda kwenye maduka ya nguo. Jirani yangu anayeuza vitenge akaniuliza, "Yule mama kabeba redio gani? Mbona taarifa ya habari ina huzuni hivyo?" Muulize mwenyewe, yupo mpaka leo.

Nilingoja polisi. Ijumaa hawakuja. Jumamosi, Jumapili, kimya. Jumatatu asubuhi mama akarudi mikono mitupu, macho yamevimba.

"Anaanza saa kumi na mbili," akaniambia akiwa amesimama mlangoni. "Anasimulia dakika kwa dakika mpaka majogoo. Kesho yake anaanza upya. Nimeizima. Nimetoa betri. Bado anasema."

"Mama, tuitupe ziwani. Au tumwite mchungaji aje aombe."

"Uitupe nani?" Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Usiku ule hakuwa na mtu. Sasa ninakaa naye mimi. Na wewe utakuja kukaa. Aligongwa Jumanne. Kila Jumanne utakuja."

Hakuwa ananiomba. Ungekuwa wewe, ungekataa? Nilikwenda.

Ninakwenda mpaka leo. Nyumba yake ina vyumba viwili, laptopu iko juu ya kabati la vyombo, haina betri, waya wake umekatwa na panya. Mama ananiwekea kigoda, ananipa uji kwenye kikombe. Saa kumi na mbili Emanueli anaanza. Anaeleza gari. Anaeleza maji. Wa kwanza, wa pili. Anafika kwenye taa ya pikipiki, anaeleza mtu anashuka, anamulika. Hapo ananyamaza.

Ananyamaza na kungoja. Mama naye anageuka, ananitazama.

Mara ya kwanza nilisema, "Nisamehe, mwalimu." Hakujibu. Jumanne nyingine nilipiga magoti, nikalia. Nyingine nilisema ningekubeba, ningekupeleka hospitali, ningekushika mkono. Nimesema kila kitu ambacho mdomo wa binadamu unaweza kusema. Anangoja nimalize, kwa adabu ya mwalimu anayesikiliza jibu lisilo sahihi, kisha anaendelea pale pale: "Akasema, 'Walevi hawa wataua watu bure.' Akapanda, akaondoka."

Mke wangu alirudi kwao Singida, alisema siwezi kulala bila kuongea. Meno yangu mawili yameng'oka kwa kuyasaga usiku. Kazi bado nafanya, ila mteja akiniletea mashine iliyopoteza kifaa cha mtandao baada ya apdeti, namwelekeza kwa fundi mwingine. Wengine wananicheka, wanasema kazi ndogo kama hiyo imenishinda. Waache wacheke.

Wewe uliyenisikiliza, chukua haya mawili. Ukiletewa kitu kilichonyamaza, uliza kwanza kama hakikunyamaza kwa hiari yake, kabla hujatia mkono. Na ukimkuta mtu amelala barabarani, hata kama mvua inakuchapa, hata kama ananuka pombe, hata kama unaogopa kesi, usimmulike tu ukaondoka. Inama umguse. Ukiona macho yanapepesa, ujue anakuona vizuri kuliko unavyomwona wewe, na uso wako ameshauhifadhi.