Ng'ombe Huja na Ndama wa Kurudisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, jamaa wa mtaani kwetu Bwiza walivyonicheka: "We, Kifaransa chenyewe kimekushinda, Kiingereza utakiweza wapi?" Nikaondoka. Nikarudi kutoka Kampala na diploma ya Kiingereza yenye muhuri, nikaitundika ukutani, nikafungua darasa langu. Nani mwingine mtaani kwetu alikuwa nayo? Nilipenda kusema nimejijenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Alasiri moja, milima ya Kongo ikielea ng'ambo ya ziwa kama haijashikwa na ardhi, nilikuwa nafundisha neno "entail".

"Jambo moja likija," niliwaambia wanafunzi, "huja limebeba jingine, upende usipende. Kuoa kunabeba wakwe. Na kinachobeba si mtu, ni jambo lenyewe."

Mlangoni alikuwa amesimama mzee Zakariya wa Gasenyi, rafiki wa marehemu baba. Ndiye aliyenipa ng'ombe nilipotaka kwenda Kampala kusoma. Nilimuuza nikapata nauli na karo. Kwetu Burundi, ukipewa ng'ombe, siku moja unarudisha ndama, na urafiki unaendelea. Mimi nilikuwa nimempelekea kreti mbili za bia, nikajiona nimemaliza.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "na ng'ombe, anabeba nini?"

Darasa likacheka. Nikaweka chaki mezani.

"Mzee, umekuja kunidai mbele ya watu?"

"Apana, mutoto wangu. Nilikuja kusikia Kiingereza. Kumbe ni maneno yetu tu."

Akaenda zake polepole, vumbi la jua likimfunika mabega, nami nikaona kama baba yangu ndiye anayeniacha. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeusahau mkono wa pili.

Nikafundisha asubuhi, nikafundisha jioni, mpaka nikapata pesa za kununua ndama jike mwekundu. Nilimwongoza mwenyewe kwa miguu hadi Gasenyi, mwenye diploma mzima, kamba mkononi, watu wakinishangaa. Mzee Zakariya alimpapasa usoni muda mrefu.

"Anafanana na mama yake," akasema, ingawa wote wawili tulijua mama yake hakuwa yule ng'ombe niliyemuuza.

Bado najivunia diploma yangu, sikufichi. Lakini kabla hujapokea kitu, uliza kimekuja na nini mgongoni. Na ukikipokea, kipokee chote. Mungu akupe mikono ya kupokea, na miguu ya kurudisha.