Mto wa Mbao wa Kyoto

Wivu ndio ulionipeleka Japani. Wenzangu wa saluni pale Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, walidhani nakwenda kupumzika, na wengine wakanitania kwamba nimepata mchumba wa Kijapani, lakini ukweli ni huo tu: wivu. Nilikuwa nimesuka nywele pale miaka kumi na minne pale mteja mmoja, mwanafunzi, alipoacha gazeti kwenye kiti. Ndani yake mlikuwa na picha ya msichana wa Kyoto, iliyopigwa kutoka nyuma, nywele zimeinuliwa na kukunjwa kwa mtindo wa miaka mia mbili iliyopita. Chini yake waliandika kwamba nywele ni zake mwenyewe, na kwamba wamebaki wanawake wazee wachache wanaojua kuzitengeneza. Nikaikata picha ile nikaibandika kwenye kioo changu. Kila siku niliitazama, na kila siku niliudhika.

Niliudhika kwa sababu ya bibi yangu. Alikuwa Muluba wa upande wa Kamina, kule Kongo, na tangu usichana wake nywele zake zilitengenezwa kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka, kazi ya siku mbili nzima. Sikuwahi kuziona, mbele yetu watoto alikuwa na kitambaa kichwani siku zote. Nilichokiona ni mto wake wa mbao, kiegemeo kidogo ambacho alikilalia ili nywele zisivunjike usingizini, kimechongwa wanawake wawili wanaotazamana. Niliuona pia ukiungua. Nilikuwa na miaka saba, uani kwetu Lubumbashi, siku watu wa kanisa walipopita kukusanya vitu vya shetani. Aliyeutupa motoni ni mama yangu mwenyewe.

Tangu hapo, ukimwuliza mama habari za nywele zile, jibu ni moja, kwamba amesahau: "Nilisha kusahabu." Ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya walioiona kazi ile ikifanyika. Amepita miaka themanini, anaishi Brussels hapa hapa, mtaa wa Koekelberg, ghorofa ya tatu, anasali asubuhi, mchana na jioni, na siku akiondoka ataondoka nayo. Mimi, msusi, mtoto wake wa kumzaa, sijui hata fundo la kwanza. Mara ngapi nimesimama katika jumba la makumbusho nje ya mji, mbele ya mito kama ule iliyofungiwa nyuma ya kioo, nikisoma kibao: aina ya mti, mahali, karne. Hakuna kibao kilichosema nywele zenyewe zilisukwaje. Kwa hiyo nikaamua kwenda kuwaona watu ambao hawakusahau, hata kama ni kuumia roho tu.

Nilipomuaga mama, alifumba macho kidogo. "Bon, enda," akasema. "Lakini usiiname mbele ya masanamu ya bale bantu."

Sikuinama mbele ya sanamu hata moja, lakini watu niliwainamia siku tisa mfululizo. Niliwainamia dereva wa basi, muuza mboga za kuchacha, na mzee aliyenionyesha njia ambayo sikumwuliza. Nilikunywa chai ya kijani nimekalia miguu yangu mpaka ikafa ganzi, nikasaidiwa kusimama na wanawake wawili waliojitahidi wasicheke. Niliona fundi wa vitana anayeacha mbao zikauke miaka mingi kabla ya kuchonga hata jino moja. Kila jioni nilirudi nyumba ya wageni kichwa kimejaa. Ila kile nilichokifuata sikuwa nimekiona. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyesoma Kifaransa ujanani, nilimwomba kila asubuhi anitafutie msusi wa nywele zile, na kila asubuhi alitabasamu akasema labda. Siku ya nne nilielewa kwamba labda ya Kyoto ni hapana yenye adabu.

Siku ya kumi, siku yangu ya mwisho, mwenye nyumba aliweka chai mezani akasema bila kutabasamu: leo saa tatu. Ukae pembeni, usiseme, usiguse kitu. Treni yangu ya kwenda uwanja wa ndege ilikuwa ya saa nane.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko saluni yetu, viti viwili na kioo kimoja, na kilikuwa kimya. Saluni yetu ikinyamaza hivyo ujue kuna msiba. Msusi alikuwa bibi wa miaka themanini hivi, aproni nyeupe, mgongo umepinda, vidole vimepinda zaidi. Kitini alikaa msichana wa miaka kumi na minane, mmoja wa wale wanaofundishwa ngoma na nyimbo za kale, wanaoitwa maiko. Uso wake haukuwa na poda bado. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye, mwenye nyumba nyuma yangu.

Sitaweza kueleza yote. Bibi alinyoosha nywele kwa chuma cha moto, akazipaka nta iliyonukia maua, akazigawa bila kupima. Alibadili kitana mara saba, na kila kitana kilikuwa na kazi yake moja. Alipofunga fungu, alilowesha kamba ya karatasi, akauma ncha moja kwa meno, akarudi nyuma hatua moja na kuvuta kwa mwili wote, siyo kwa vidole. Pembeni mwa kichwa nywele zikatanuka na kusimama zenyewe, nyembamba kiasi kwamba mwanga wa dirisha ulipita. Hakuna pini iliyoonekana. Nimeshika vichwa vya watu maelfu, nadhani, na sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilianza kulia na sikujali nani ananiona.

Sasa, mazoea yana taabu. Kwetu Matonge, kikiingia kichwa chenye nywele nzuri, hatuulizi, tunagusa. Vidole viwili mpaka kwenye shina, ndipo ujue kama ni zake au ni mèche, nywele za kuunganisha. Bibi alisogea nyuma kutazama kazi yake, kichwa cha yule msichana kikabaki karibu nami, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukaingia chini ya fundo, mpaka kwenye shina. Zilikuwa zake. Nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika niliposikia mwenye nyumba akivuta pumzi nyuma yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msichana hakugeuka, maana hakuruhusiwa kugeuza shingo. Bibi aliweka kitana chini, akanijia polepole. Nilisimama nikainama, nikainama tena. Bibi alinyoosha vidole vyake viwili, akaviingiza katika misuko yangu mpaka kwenye shina, akapapasa, akasema neno moja.

"Anauliza, ni zako?" mwenye nyumba akatafsiri, rangi bado haijamrudi usoni.

"Nusu," nikasema.

Bibi alicheka, mkono mdomoni. Msichana naye akacheka bila kutikisa shingo. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwamba nilikatazwa kusema. Msichana alinionyesha juu ya utosi, mahali padogo palipokwisha nywele kwa kuvutwa kila wiki, nami nikamwonyesha pembe za paji langu la uso, ambako misuko imeshakula zake. Ukitaka uzuri sharti udhurike, nikamwambia kwa Kiswahili, na akakubali kwa kichwa, ama kwa macho tuseme.

Kisha bibi akauliza swali ambalo msusi yeyote lazima aulize: unalalaje nazo? Nikasema nafunga kitambaa cha hariri. Alinitazama kwa huruma. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kitu ambacho hukiweka pale kuwafundishia wasichana wapya namna ya kulala, akakiweka juu ya mkeka mbele yangu.

Kilikuwa kisanduku cha mbao, chini kipana, juu chembamba, na juu yake kimefungwa kigunia kidogo cha mviringo. Hakukuwa na wanawake waliochongwa. Lakini urefu ulikuwa ule ule, shubiri moja, na pale pa kuweka shingo palikuwa pale pale. Nilikaa chini karibu nacho. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu wa Kamina na watu wa Kyoto hawajawahi kupeana hata salamu, na bado waliwaza jambo moja usiku mmoja: nywele hizi nzuri, kichwa nikiweke wapi?

Bibi alinionyesha kwa mkono, lala. Nikalala. Mbao ikapokea shingo, na kichwa changu kikabaki hewani, hakigusi kitu. Nilitazama dari ya Kyoto nikajua, kwa mara ya kwanza, bibi yangu alikuwa anaona nini akifungua macho asubuhi. Nililala pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Msichana alisimulia kwamba mwezi wa kwanza alilia kila siku, na kwamba zamani walimu walimwaga pumba za mchele kuzunguka mto, kichwa kikianguka usiku asubuhi kila mtu ataona.

Nilipoinuka niliuliza jambo lililokuwa linanichoma. Je, hapa hakuna mtu anayesema kitu hiki ni cha shetani? Mwenye nyumba alisita, kisha akatafsiri. Bibi alifikiri sana, akamtazama msichana, akanitazama mimi.

"Anasema," mwenye nyumba akaniambia, "ni mto."

Waliniruhusu picha moja, msichana amelala, nywele zake mpya zinaelea nyuma ya mbao. Saa nane nilikuwa kwenye treni. Sikutazama nje hata mara moja. Nilitazama ile picha, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyozidi kupanga maneno makali ya kumwambia mama.

Siku mbili baadaye nilipanda metro Porte de Namur mpaka Simonis, nikaenda kwake kwa miguu. Alikuwa ametoka kanisani, anachambua maharage mezani. Nilimpa salamu, nikampa majani ya chai, nikaweka simu mbele yake bila utangulizi. Maneno yangu yalikuwa tayari: wenzetu hawakuchoma. Nilitaka yamuume, nasema kweli.

Mama alivaa miwani. Alitazama kwa muda, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Nilingoja jina la shetani.

"Huyu mutoto banamulalisha mubaya," akasema.

"Mubaya namna gani, mama?"

"Mutu halalake na shingo. Analalaka na upande, mbao inaingia chini ya shikio, hapa." Akajigusa chini ya sikio. "Ukilala na shingo, donc, ngazi yote ya nyuma inaanguka." Akaitazama tena. "Na hii ya juu, baliifunga na nini?"

"Kamba ya karatasi. Yule bibi anaivuta na meno."

"Na meno," mama akarudia. "Njo vile. Miye pia nilikuwa navutaka na meno."

Alijua amesema nini, nami nilijua. Maneno yangu yote makali yalinitoka kichwani nikabaki nimeshika ukingo wa meza. Siyo kwamba aliona kazi ile. Aliifanya. Yeye ndiye aliyekuwa msusi wa mama yake.

"Nilikuambiaka nilisahabu," akasema. "Nilidanganya, Mungu anisamehe." Alivua miwani akaiweka juu ya maharage. "Weye uliona moto. Haukuona nyuma ya moto. Mama yangu alilala akiikala kwa kiti, siku tatu, sababu hakukuwa tena fasi ya kuweka kichwa. Hakunigombeza hata kidogo. Siku ya ine akafungua kitambaa, akaniambia, mutoto yangu, ninyoe. Njo nikamunyoa. Zote, na hii mikono. Alors, wewe unakuyaka kila siku kuniuliza ya nywele."

Miaka yote nilidhani anaficha kwa sababu ya kanisa. Nilimshika mkono, na hakuutoa. Tulikaa hivyo, maharage nusu yamechambuliwa, magari yanapita chini barabarani. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha.

Baadaye alisukuma bakuli kando. "Toa hiyo mèche," akasema. "Ikala chini."

Tulifumua pamoja mpaka jua likaelekea kushuka, yeye upande wake, mimi upande wangu. Kichwa kilipokuwa wazi aliniinamisha mbele kwa nguvu, kama mama yeyote anavyomfanya mtoto. Mimi nilidhani ngazi huanzia utosini. Mama alianzia nyuma ya sikio la kushoto.