Solange na Nota za Mraba

Solange ni fundi wa kushona katika komini ya Tshopo, mtaa wa jiji lililo kando ya mto mkubwa, na ndiye anayeongoza kwaya ya parokia yake. Padre mmoja aliyehamishwa alimwachia kompyuta yenye programu ya kuandika nyimbo za kale za Kilatini, zile zenye nota za mraba juu ya mistari minne. Alijifundisha mwenyewe. Kila alichogundua alikituma kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp la waongoza kwaya wa kandokando ya mto.

Alhamisi moja Noël, mwongoza kwaya wa Yangambi, mwendo wa boti kuteremka mto, alimpigia simu. Katekista wao mzee alikuwa amefariki, mazishi ni Jumamosi.

"Maman Solange, karatasi yangu ya wimbo wa mazishi iko mubaya. Maneno inakatika-katika, waimbaji wanapoteya."

"Uliandika namna gani, Papa Noël?"

"Silabe, kisha nota yake ndani ya mabano. Vile ulisema."

"Na nafasi, uliweka wapi?"

Simu ikakatika.

Solange alikwisha kujua kosa. Programu ile ikiona nafasi hudhani neno limekwisha. Akarekodi: "Papa Noël, hapana kuacha nafasi katikati ya neno. Acha nafasi kisha neno kuisha, basi." Ujumbe haukufika. Akautuma tena. Akashona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akafumua. Wali ukapoa mbele yake.

"Ikala kwanza," mume wake, Constant, akamwambia, akimvutia kiti. "Réseau ya simu itarudi."

"Na kama hairudi?"

Ijumaa alfajiri alikuwa bandarini na karatasi alizochapa mwenyewe. Ndani ya boti aliwachosha abiria kwa kuuliza kama Yanonge, bandari iliyo kabla ya Yangambi, imepita.

Noël alimkuta ukingoni, akashangaa. "Lakini ujumbe ulifika jana magaribi. Nilitengeneza yote."

Akamwonyesha karatasi yake. Solange aliisoma wamesimama palepale kwenye tope, akarudia, akagusa silabi moja iliyokuwa bado imeachana na mwenzake.

"Na hii?"

"Eh. Kweli."

Jumamosi wakaimba mpaka kaburini, hakuna aliyepotea. Baadaye waongoza kwaya waliokuja kuzika walimzunguka, wakitaka kuonyeshwa. Akawaonyesha, huku akiuliza boti ya kurudi inaondoka saa ngapi. Njiani alikuwa amewaza namna ya kuzuia neno refu lisivunjike mwishoni mwa mstari, na kompyuta ilikuwa nyumbani.

"Maman, lala kwanza," Noël akasema.

"Nitalala mu boti," akajibu, akiwa tayari anatafuta viatu vyake.