Mchoraji Anayeanza na Umati

Katika kitabu hiki cha katuni, mashujaa wetu wanaungana na mashujaa wa kampuni nyingine ya katuni kuokoa kabila linalowindwa mpaka liishe. Mchoraji wetu huwaacha mashujaa na mistari ya penseli tu. Huanza na wanaowindwa, kila mmoja na pua yake, kovu lake, mtoto wake mgongoni, huku mchoraji mwenyewe ameuma meno na kidole chake kimeota sugu.

Leo mhariri, ambaye penseli yake huitumia kukunia sikio tu, aliinama mezani.

“Dada, hawa si wanakufa ukurasa unaofuata? Weka vivuli tu. Wanawabana mashujaa.”

Mchoraji alichukua kifutio, akamfuta shujaa mkuu kuanzia kifua mpaka buti, akapuliza mabaki yakatua shatini mwa mhariri.

“Haya, nafasi imepatikana.”

Akaanza kumchora bibi kizee aliyekosa pa kusimama.