Mwalimu Mwanarehema na Mbuzi ya Nazi

Mwalimu Mwanarehema alikuwa na kauli moja ambayo sisi wanafunzi wake tuliichoka kabla hatujaielewa: "Funga mdomo, tazama mikono." Alitufundisha ubunifu wa bidhaa katika chuo kidogo cha ufundi hapa Likoni, kwenye chumba cha nyuma ambacho bati lake lilitupika kuanzia asubuhi. Aliyekuja akidhani atachora picha nzuri kwenye kompyuta alipewa boksi kuukuu, kisu na gundi. Ukitaka kuunda kiti, kata kwanza kiti cha boksi, kikalie, kivunjike, ujue kimevunjikia wapi. Mbao ni ghali, alisema, na fundi akishapigilia misumari huwa hataki tena kuambiwa kitu.

Baada ya boksi ndipo ilipoanza kazi yenyewe, kupeleka kitu kwa mtu atakayekitumia, na hapo mwalimu alikuwa mkali. Ilikuwa marufuku kumwuliza mtu kama amekipenda. Sisi watu wa pwani, alisema, tumelelewa vizuri mno. Mpelekee mtu sufuria iliyotoboka, atasema mashallah, na chai atakupa. Kwa hiyo weka kitu chini, kaa kando, unyamaze.

Lewa, mwenzetu darasani, aliyapuuza hayo. Aliunda meza ya kupaa samaki magamba kwa ajili ya kina mama karanga wa Shelly Beach, wale wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga, ili wasiiname. Akarudi darasani kifua mbele.

"Walifanya nini nayo?" mwalimu akamwuliza.

"Wameipenda sana, mwalimu. Wameniombea dua."

"Sikukuuliza walisema nini."

Siku nyingine Lewa akaenda ufuoni bila kujitangaza. Kina mama walikuwa wameketi chini mchangani vilevile wakipaa samaki wao, na mabeseni wameyasukuma chini ya meza yake yapate kivuli. Tulimcheka mpaka mwalimu akatutoa nje.

Mwalimu mwenyewe ni mzaliwa wa Bofu, papa hapa Likoni, lakini alikuwa amepanga chumba Changamwe, ng'ambo ya pili, tangu siku za kazi yake katika kiwanda cha plastiki. Kiwanda alikiacha, mume wakaachana, chumba kikabaki. Kila siku alivuka feri kuja kutusomesha. Mama yake, Bi Nyamvula, alikaa Bofu peke yake. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Miguu ilipona, na ulimi ulipona, tena ulimi wenyewe mkali nauogopa hadi leo, lakini mkono wa kushoto ukabaki mlegevu.

Rashad, kaka yake mwalimu anayeishi Kisauni, alisema wazi kwamba siku mama atakaposhindwa kujipikia, atakuja na gari amchukue. Hakusema kwa ubaya. Ana nyumba kubwa na mke mwema. Lakini Bi Nyamvula hakutaka kuiacha nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, na kila aliyemjua alijua kwamba kumtoa pale ni kumvunja moyo.

Basi mwalimu akafanya alichokijua. Wali bila nazi kwa Bi Nyamvula si chakula, na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, ilikuwa imeshamshinda. Mwalimu akamtengenezea mbuzi isiyokaliwa. Kile chuma chenye meno alikikaza kwenye ukingo wa meza kwa jiliwa, kile kibano cha skrubu cha mafundi, ili mtu asimame na kukuna kwa mkono mmoja. Ilikuwa kazi safi, niliiona. Bi Nyamvula akaishika, akaigeuza, akasema, "Mashallah, mwanangu. Mikono yako ibarikiwe. Sasa sina neno tena."

Mwalimu alikuja kutusimulia uso ukimmeremeta. Lewa, ambaye hakuwa amesahau vile tulivyomcheka, akainua mkono.

"Mwalimu, mama alifanya nini nayo?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwalimu alimkazia macho, akasema mama yake si mtu wa kujaribiwa, akatuamuru tuendelee kukata maboksi yetu. Alikasirika kweli. Lakini Jumamosi iliyofuata, na haya alitueleza mwenyewe, alikwenda Bofu akaketi kwenye kigoda penye mlango wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wakaa huko kama mgeni?"

"Nataka kukutazama ukipika tu."

Bi Nyamvula alisita, kisha akachukua nazi na panga. Nazi huvunjwa kwa kuishika kiganjani na kuigonga kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha. Kiganja cha kushoto hakikuweza kuishika. Akaibana kwa magoti, ikachopoka. Akaiweka kizingitini, akaipiga, ikabingirika hadi uani. Mbuzi mpya ilikuwa pale mezani, imening'inizwa kitambaa cha vyombo. Haikuwahi kukuna nazi hata moja, maana hakuna nazi iliyofika kwake ikiwa imevunjwa. Mwishowe Bi Nyamvula alifunua kopo la unga akatoa pakiti ya nazi ya dukani, akaipasua kwa meno. Kopo lilijaa pakiti kama hizo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nikisema chanishinda, utamwambia kaka yako. Na yeye gari lake li tayari siku zote."

Mwalimu alituambia kwamba pale ndipo alipoelewa. Miaka yote alikuwa akifundisha kwamba watu husifu kwa sababu ya adabu. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusifu kwa sababu ya hofu, na kwamba hofu yenyewe ni ya kumwogopa yeye. Alisogeza kigoda hadi karibu na mama yake.

"Simwambii mtu, wallahi. Niambie, nini kingine kinakushinda?"

Bi Nyamvula alilifunika kwanza kopo la unga. Kisha akaanza. Kukamua kanga zikishafuliwa. Kufungua mtungi wa gesi. Kujifunga mtandio ukakaa. Mwalimu alisikiliza, na kwa kila jambo kichwa chake kilikuwa kishaanza kukata boksi.

"Na usiku naogopa," akasema Bi Nyamvula. "Nikianguka huko chooni, nani atajua?"

Mwalimu akawaza kengele, akawaza kamba ya kuvuta, akawaza simu ya kuvaa shingoni. Hakutaja hata kimoja. Alitoka uani akampigia Rashad, akaongea kwa sauti ili mama asikie.

"Mama hatoki hapa, kaka. Mimi ndiye ninayehamia kwake. Changamwe naacha."

Aliporudi jikoni alimkuta Bi Nyamvula analia, anajifuta kwa ule mkono mzima.

"Haya," akasema. "Lakini uje na kitanda chako. Tangu utotoni walala ukipiga mateke, na mimi sitaki."